Suti ya Bega Lililoshuka

Malaba, Jumatano

Mwanangu Mwende,

Hujambo huko nyumbani? Mimi ni mzima. Bado tunangoja karatasi za mzigo mpakani, na mvua ya hapa haikosi alasiri hata moja.

Jana nilienda kwa fundi wa nguo, Mama Amoit, karibu na maegesho ya malori. Nilitaka ile suti nyeusi uliyonionyesha kwenye simu, isiyo na urembo, vifungo viwili tu. Nikamwomba aweke pedi nene, ili bega la kushoto lisionekane lilivyoshuka tangu nilipopata ajali.

Akatikisa kichwa. "Mzee, suti kama hii haina pa kuficha kitu. Pedi itakufanya kama umebeba gunia. Wacha nikate kila upande vile mwili wako uko."

Leo nimeijaribu ikiwa bado na pini. Ameshusha mshono wa bega la kushoto, na koti limenikaa vizuri, halivuti popote. Bega bado limeshuka, lakini kwenye kioo nilimwona baba wa bibi harusi. Machozi yalinitoka, mama wa watu akanivutia kiti.

Nilikwambia mjomba wako akupeleke kanisani, nikasingizia safari. Haikuwa safari, mwanangu. Niliona haya kutazamwa. Mwambie mjomba akae na wageni. Nitakushika mkono mimi mwenyewe.

Mungu akutunze. Kula vizuri, usilale ukiwaza.

Baba yako