Homa Iliyompata Mbwana Baada ya Homa

Mtongwe, Likoni

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia wewe na mama, na naomba barua hii iwakute nyote mmeamka salama hapo Faza, na lile goti lako limepoa kidogo. Mimi mwili wangu ni mzima. Nasema mwili kwa sababu mengine yanataka maelezo, nami nakuomba usome mpaka chini kabla hujanikasirikia.

Umelalamika kwamba nimenyamaza. Baba, hatukuwa na ruhusa ya kutoa barua. Hii homa iliyoshuka bandarini, inayoitwa homa ya Asia, ilipoingia chuoni kwetu Changamwe, mkuu wa chuo alifunga lango. Hakuna kutoka, hakuna mgeni, hakuna kwenda msikitini Ijumaa. Wakati lango limefungwa barua yako iliyonifikia ni moja tu, ile uliyoniambia humo nisubiri, kwamba mwanamume hasomi kwa kulalamika. Niliisoma nikiwa kitandani natetemeka, na wallahi sikuipenda. Nalisema hili kwa adabu zote.

Homa ilianza kwa mpishi, ikaingia mabwenini. Mkuu wa chuo, Mzungu ambaye sijapata kumwona akipiga chafya, alitupa amri zake za afya: kila alfajiri tusukutue maji ya chumvi, tukimbie kuuzunguka uwanja, tulale madirisha wazi. Alituambia homa hii inawapenda wavivu na wale wanaokaa wakiwaza. Basi tukakimbia, wengine vifua vimejaa, mpaka wakawa wanaangukia uwanjani. Sisi nasi tulikuwa na yetu, tangawizi tuliyomwagizia bawabu kwa siri, na kujifukiza majani chini ya mashuka. Lakini vitanda vilikuwa vimebanana, mzima na mgonjwa wakilala wakipumuliana, na kwa hilo hakukutolewa amri yoyote.

Nimewahi kukutajia rafiki yangu Mbwana, kijana wa hapa Mtongwe, yule ambaye hesabu alizimaliza kichwani na sisi bado tunachonga kalamu. Yeye homa haikumgusa. Msaidizi wa zahanati alipougua naye, mkuu wa chuo alimwita Mbwana akamwambia awaangalie wenzake. Ndivyo alivyofanywa muuguzi bila kufundishwa. Alitulisha uji kwa kijiko, akatukanda kwa kitambaa cha maji, akamwaga ndoo zetu. Mimi alinibeba mgongoni kunipeleka msalani, na uzito wangu unaujua.

Kwao kulikuwa kunaonekana. Ukisimama nyuma ya bweni letu unaitazama Mtongwe ng'ambo ya maji, na minazi ya baba yake. Mama yake alivuka na feri akaja mpaka langoni na kikapu cha chakula, bawabu akamrudisha na kikapu chake. Mbwana alisimama dirishani akamwona akienda zake. Aliniambia tu kwamba mama yake amevaa ile leso aliyompa yeye siku ya Idi, kisha akarudi kwenye ndoo.

Miongoni mwetu alikuwako Kombo, kijana wa Pemba, ambaye alikuwa akituchekesha hata tukiwa hatuna nguvu ya kucheka. Homa yake ilishuka kifuani. Mbwana alikwenda ofisini kuomba daktari aitwe, akaambiwa daktari ana wagonjwa wengi mjini, atakuja zamu yetu ikifika. Ilipofika, Kombo alikuwa amekwisha kata roho, kichwa chake mapajani mwa Mbwana, naye akimtamkisha shahada. Walimchukua wakaenda kumzika, sisi hatukuruhusiwa kumsindikiza. Mbwana aliambiwa ayachemshe mashuka.

Kisha homa ikapungua, lango likafunguliwa, na mkuu wa chuo akatukusanya akatutangazia kwamba chuo kimeishinda homa. Kombo hakumtaja. Akasema mitihani iko pale pale ilipopangwa.

Hapo ndipo Mbwana alipoanza kuugua, baba, na ugonjwa wake hauna jina chuoni. Usingizi alikuwa haupati. Nikishtuka usingizini namkuta amekaa kitandani anasikiliza tunavyopumua, na mmoja akinyamaza sana humwendea akamwekea kiganja puani. Chakula alikataa, isipokuwa ndizi aliyoimenya mwenyewe. Vitabu alivifungua akawa anautazama ukurasa ule ule mpaka jua linatua. Wenzetu walianza kwa kucheka, wakaishia kumchukia, kwa kuwa hakuna apendaye kuamshwa na kiganja puani. Wengine nao hawakuwa sawa, ila walijua kuficha. Mmoja alikuwa akilia bafuni maji yakimwagika ili asisikike. Mimi nilikuwa nikisoma mstari nausahau kabla sijafika nukta.

Nilimpeleka zahanati akapewa vidonge vya kichwa. Nikaenda kwa mkuu wa chuo mwenyewe, nikamweleza kwamba Mbwana ni mgonjwa, apewe ruhusa akapumzike kwao, mtihani afanye baadaye. Aliniuliza kama Mbwana ana homa. Nikasema hana. Akanijibu kwa Kiswahili chake cha kuamrisha:

"Mgonjwa tunampima kwa kipimajoto. Huyu hana homa, basi si mgonjwa. Kama anaogopa mtihani, aseme anaogopa."

Nilimwambia kwamba mtu huyu ndiye aliyetuuguza sote. Akasema anajua, na alikwisha mshukuru.

Siku ya mtihani wa hesabu, tumekwisha kuanza, kijana mmoja mbele yangu akakohoa. Kikohozi cha kawaida. Mbwana aliinuka akamwendea, akamfungua vifungo vya shati, akamwekea sikio kifuani. Msimamizi alimwamuru akae. Mbwana hakugeuka. Alisema kwa upole kabisa, kama mtu aliye kazini, "Nyamazeni kidogo, namsikiliza."

Walimshika mikono yote miwili wakamtoa nje. Jioni ile ile jina lake likafutwa katika daftari la chuo, kosa lake kuvuruga mtihani.

Baba yake, Mzee Hamisi, alikuja kumchukua. Ni mkulima, mtu wa maneno machache, na siku hiyo alivaa kanzu yake ya Ijumaa. Mkuu wa chuo hakutoka. Alimtuma karani na sanduku la Mbwana, mimi nikiwa nimesimama hapo hapo. Mzee Hamisi hakulipokea upesi.

"Paa la hapa naliona kutoka shambani kwangu," alimwambia karani. "Kila nikinyanyua jembe nilikuwa nikilitazama, nikisema mwanangu yuko pale, yuko salama."

Karani, ambaye ni mtoto wa watu kama sisi, alitazama chini. Nilibeba sanduku, tukavuka.

Tangu chuo kifunge baada ya mitihani nakaa kwao, nikisubiri matokeo. Bwenini sikuweza kulala. Mama yake amemsomea Kurani na amesomesha dua, na waganga wamekuja na dawa zao. Kuna siku anakwenda shamba na baba yake, anapalilia mhogo na kuuliza habari za watu. Kuna siku hainuki mkekani. Hatukosi kumpikia samaki, na siku hizi anakula akiketi nasi, kidogo.

Sasa nifike kwenye habari ambayo huenda imekwisha kukufikia. Matokeo yametoka na ile nafasi moja ya kwenda kusoma Uingereza, anayopewa wa kwanza katika mtihani, nimepewa mimi. Chuo kizima kilijua nafasi ile ni ya nani. Mkuu wa chuo aliniita ofisini, akanipa mkono akanisifu kwa nidhamu yangu. Nilisema asante, bwana. Nilikuwa na maneno mengine, lakini hilo ndilo lililotoka.

Nilipomwambia Mbwana, alikuwa akisuka kuti. Aliendelea kidogo, kisha akasema, "Nenda. Lakini huko wakikwambia uwauguze wenzio, waulize kwanza nani atakuuguza wewe." Hakuwa na hasira. Ingekuwa nafuu kwangu kama angekuwa nayo.

Nitakwenda, baba. Sitakudanganya kwamba sitaki. Nataka, na ndiyo sababu nina uchungu huu. Ila usiniandikie kwamba ni majaaliwa, wala usiniambie tena nisubiri. Kusubiri tulisubiri, pamoja na Kombo.

Najua utataka kuchinja mbuzi na kusomesha maulidi, na watu waje kukupa mkono. Nakuomba usifanye. Watu wakija, wasomeeni Kombo hitima, maana sijui kama kwao Pemba wameambiwa amelala wapi.

Nisalimie mama, umwambie nakula. Nisalimie shangazi Mwanarukia, aliyenifunga kamba za viatu siku nilipoondoka, na kaka Shee na watoto wake, na maalimu aliyenifunza Kurani, umwombe amkumbuke Mbwana bin Hamisi katika dua zake. Mzee Hamisi na mkewe wanakusalimu ingawa hamjaonana. Wananiita mwana wao wa Faza.

Ni mimi mwanao, ninayekutii hata leo ninapokupinga,

Omari