Choo cha Baba Mkwe

Pito, Sumbawanga
9 Machi 1954

Mume wangu Zenon,

Salamu zikufikie huko kwenye mkonge. Samahani kwa mwandiko. Leo sikutaka katekista aniandikie. Ulezi umestawi. Baba yako amemaliza kile choo cha shimo ambacho serikali iliamuru kila mji uchimbe, na amekiezeka vizuri.

Lakini ningeingiaje choo kimoja na mkwe? Nimekuwa nikienda vichakani juu ya chemchemi, na kinyesi cha mwanetu Josefina nakitupa hukohuko.

Juzi watoto wawili wa jirani walishikwa na homa, kisha miguu ikalegea. Bwana afya ametuambia ugonjwa huu hutoka kwenye kinyesi ukaingia kwenye maji ya kunywa. Akauliza ni nani anajisaidia karibu na chemchemi. Nilinyamaza, na mama yao alikuwa amenishika mkono.

Usimwandikie baba habari hizi, nakuomba.

Josefina ulimwacha hajatambaa. Tangu Noeli anakimbiza kuku. Jana alikuwa na homa kidogo. Leo asubuhi nimemsimamisha mlangoni, akakaa chini. Nimemsimamisha tena, akakaa. Sasa nimemweka mgongoni, naogopa kumshusha.

Mkeo,
Bertilla