Nguzo Tatu za Mtaa Wetu

Jumatatu, 4 Novemba
Nimeanika ndagala, samaki wangu wadogo, mapema. Mchanga wa ziwa ulikuwa umepungua, nimeongeza karai. Bila mchanga chini hawakauki vizuri. Tangu mradi wa barabara uweke zile nguzo tatu za chuma kwenye mlango wa mtaa, barabara ni yetu kina mama, tunaanika humo. Malori ndiyo basi. Mlinzi Alimasi akizungusha ufunguo, nguzo zinazama ardhini, gari lenye ruhusa linapita, zinapanda tena. Watoto wanashangilia kila mara. Nami moyoni.

Alhamisi, 7 Novemba
Nimempeleka binti yangu Feza kupimwa. Mimba ya kwanza. Mtoto amekingama tumboni. Muuguzi hakuzungusha maneno: chupa ya uzazi ikipasuka, Feza asitembee, asipande pikipiki. Alale, tupige simu, ambulansi imfuate mpaka mlangoni. Atapasuliwa. Naogopa. Feza anacheka, eti nazeeka kwa wasiwasi. Nimemwambia Alimasi. Ameapa gari halitasimama hata kidogo.

Jumamosi, 9 Novemba
Mvua kubwa. Tumekimbiza ndagala ndani, mchanga tumeuacha nje. Maji yameusomba mpaka kwenye mashimo ya nguzo. Alimasi amegomba sana. Tumemcheka, amenuna kama bwana harusi aliyekimbiwa.

Jumanne, 12 Novemba
Chupa ilipasuka asubuhi. Ambulansi ilikuja haraka. Nguzo zikakataa. Alimasi anazungusha ufunguo, zinanguruma, hazishuki.

“Mama Feza, zimekamata muchanga. Mungojee kidogo.”

Tukangoja. Kwa nini tulingoja? Kwa sababu muuguzi alisema asitembee, gari limfuate mlangoni. Mtaa wetu unaishia ziwani, njia ni hiyo moja. Wanaume wakazirukia nguzo, wakazipiga nyundo. Sisi tukachimbua mchanga kwa vijiko. Vijiko! Dereva alikuwa pale ng'ambo, karibu kabisa, naona hata tasbihi inaning'inia kwenye kioo chake. Nakimbia kwa Feza, narudi kwenye nguzo, sina faida huku wala kule. Nilimtukana Alimasi. Naye alikuwa analia.

Feza akanyamaza. Hapo ndipo tulipofunga tipoyi kwa miti na blanketi, tukambeba. Tungembeba tangu mwanzo. Ni mwendo mfupi tu.

Jumatano, 13 Novemba
Feza mzima. Mtoto, wa kiume, hapana.

Ijumaa, 15 Novemba
Tumezika. Majirani wamekuja wote, hakuna aliyetaja mchanga. Nawachukia. Najichukia zaidi.

Jumatatu, 18 Novemba
Mafundi wa mradi wanazibua nguzo. Sijatoka kuangalia.

Feza amerudi nyumbani. Maziwa yamekuja, mengi. Kifua kinamuuma, kitenge kimelowa mbele. Nimemfunga kitambaa, nikakaza.

“Mama, yatakatika siku gani?”

Nimemletea kitenge kingine.