Simba Mwekundu Alivyokimbilia kwa Wauza Dagaa

Jumamosi jioni, Kharumwa. Mvua imenyesha nusu, ikaona uvivu, ikaacha. Mimi pia.

Nimechoka hadi kope. Mtu niliyekula maisha Kahama, Mwanza, mpaka Zambia nikafika (mpakani, lakini nilifika), leo niko chali, goti limepakwa samli.

Sababu ni simba wa Kichina.

Simba mwenyewe ni kitambaa na manyoya, macho yanapepesa ukivuta kamba. Mmoja anacheza kichwa, mwenzake anainama nyuma, anakuwa mgongo na mkia. Kichwa ni mimi, nani mwingine? Mkia ni rafiki yangu Masanja. Aliyetufundisha ni Chen, mpishi wa kambi ya Wachina mgodini. Yeye alifundishwa na baba yake, ambaye sasa yuko kitandani huko kwao, hali mbaya. Chen alitaka kitu kimoja tu kwenye sherehe yao ya mwaka mpya leo pale kambini: simba wawili, mwekundu wetu na wa njano wa vijana wa Mhunze, waile pamoja kabichi ya bahati iliyoning'inizwa mlangoni, kisha wainame pamoja. Achukue video, amtumie baba yake.

Pamoja. Alisema, nikaitikia.

Lakini huku Usukumani ngoma mbili zikikutana uwanja mmoja ni mashindano, na mshindi ni anayevuta watu. Nilipoona watu wanamsogelea wa njano, damu ikachemka. Nikaipa kabichi mgongo, nikatoka getini mpaka kwa wauza dagaa, umati wote nyuma yangu! Masanja chini ya kitambaa anapiga kelele, "We Kulwa, tunaenda wapi?" Wa njano nao wakatufuata kwa hasira.

Nilishinda, jamani. Mbele ya dagaa.

Tuliporudi, kabichi inaning'inia peke yake. Video ya Chen ina mlango na kuku. Hakunigombeza. Alinipa maji, akasema, "Pole, rafiki, umechoka."

Afadhali angenitukana.

Wa njano wanarudi kwao kesho. Basi nimempigia Ng'washi, kiongozi wao. Namzidi umri, ila nimeanza mimi kumsalimia. Nikamwomba tucheze tena asubuhi kabla hawajaondoka, baba yake Chen anasubiri.

"Kwanza useme leo nani kashinda."

Neno la kushindwa sijawahi kulitamka tangu nianze ngoma.

"Nyie."

"Kwa sauti, wenzangu wasikie."

Nikasema kwa sauti. Jirani akatoka kuangalia kuna nini.

Amekubali. Masanja, aliyekuwa amekaa mlangoni anajikanda mgongo, akasema taratibu, "Kesho kichwa nashika mimi. Wewe utatupeleka tena kwenye dagaa."

Nimesema sawa. Midomo imesema, moyo bado unabisha. Kuwa mkia ni kuinama gizani, kitambaa usoni, watu wanashangilia na hakuna anayejua ni wewe.

Hivi mimi, ninayejulikana mpaka Geita, nitaweza kucheza bila kuonekana?