Lami Hadi Mlangoni Kwangu

Ijumaa, katikati ya Mei 1996

Mvua imeanza mchana na bado inanyesha. Tangu nitoke shuleni niko dirishani nikiitazama ikipiga lami yetu mpya, na moyoni nimekuwa nikiiombea ishinde. Mvua ndiyo niliyoiombea. Mtu akinisikia atasema nimerukwa na akili.

Lami haijabanduka hata kidogo.

Wacha niandike tangu mwanzo, maana kwingine kote sijasema kweli.

Mimi ni Mkuria, mume wangu Ouma ni Mjaluo. Yeye anafanya kazi Kisumu na huja mwisho wa mwezi na pikapu yake. Mimi ninafundisha shule ya msingi upande wa Asumbi, na ninaishi hapa karibu na Rodi Kopany, ndani ya boma la marehemu baba yake, kwenye nyumba inayotazamana na mlango wa mama yake. Hakuna aliyenitendea ubaya hapa. Hilo ndilo linalonikaba, maana sina la kushtaki. Ila mama mkwe anajua nimezima taa saa ngapi. Anajua nimepika nini kabla sijapakua. Watoto wangu wawili hulala kwake zaidi kuliko kwangu. Mashemeji huingia bila hodi, wanazungumza Kijaluo upesi upesi, wanacheka, nami nacheka pale wanapocheka. Ninachotaka ni mlango ambao nikiufunga umefungwa.

Sikuweza kumwambia Ouma hivyo. Angeona nimemchukia mama yake. Kwa hiyo nikasingizia tope.

Tope lilikuwepo, sikulitunga. Njia kutoka barabarani hadi kwetu, inayopita mlangoni kwa mama mkwe, ilikuwa udongo mweusi, ule unaong'ang'ania viatu mpaka unahisi umebeba shamba zima miguuni. Kila mvua nililalamika. Nachelewa kazini, viatu vimeoza, tuhamie shuleni, kuna nyumba ya mwalimu iko tupu. Mwalimu mkuu amenihifadhia nyumba hiyo, na anataka jibu langu Jumatatu hii. Ouma alinisikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma, nikajua nimeshinda.

Aliporudi mwezi uliofuata alikuja na jawabu lake. Tutaweka lami.

Huku kwetu nani anaweka lami nyumbani kwake? Lakini Ouma alishapania. Mama mkwe akauza fahali wake ili achangie. Na kwa kuwa Ouma hayuko siku za kazi, kumtafuta kontrakta nikaachiwa mimi.

Hapo ndipo nilipofanya ujanja.

Walikuja watatu kuiona njia. Wawili walikuwa watu wa maana, walitazama mteremko, wakauliza maji ya mvua huelekea wapi. Wa tatu alikuwa Injinia Ogutu, ambaye uinjinia wake alipewa na walevi wenzake. Aliwahi kuajiriwa kwenye kazi za barabara, akafukuzwa kwa kulala kwenye kivuli cha rola. Soko zima linajua alivyomtilia lami mwenye duka mmoja mbele ya mlango, na mvua ya kwanza ikaibeba yote. Nikamchagua yeye. Alinishika mkono kwa mikono miwili, macho mekundu yakamlengalenga machozi, nami sikuona haya.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Ogutu ataboronga, mvua itamalizia, Ouma atakata tamaa, tutahama.

Sikuhesabu ukoo. Siku Ogutu alipofika na vibarua wake na mapipa ya lami, mama mkwe alitoka kuwasalimia. Akamuuliza kwao ni wapi, baba yake nani, babu yake nani. Walipofika kwa babu, mama akashika kiuno, akamtazama kuanzia kofia hadi viatu. Kumbe Ogutu ni wa ukoo aliozaliwa mama! Kwa hiyo mama ni waya wake, yaani shangazi, na kwa Wajaluo waya huogopwa kuliko askari. Nilimwona Injinia akinywea pale pale aliposimama.

Kuanzia hapo mama aliketi kwenye kigoda, mwavuli mkononi, kazi ikiendelea mbele yake. Mambo ya lami hayajui, lakini mtu anayekwepa kazi anamjua akiwa mbali. Walipochimba mtaro usio na kina, aliingia ndani yake, akawaonyesha ulivyomfika kwenye kifundo cha mguu, wakachimba upya. Kokoto zilipokuja na udongo, akazirudisha zikaoshwe. Asubuhi aliwapa uji, mchana samaki na kuon, ugali wa huku. Jioni alimsindikiza Ogutu njiani mpaka ampitishe nyumba wanakouza pombe ya chang'aa.

Siku moja nilijaribu. Nilimwambia Ogutu kwa sauti ya chini kwamba kesho anaweza kupumzika, hakuna anayemkimbiza, na lami si lazima iwe nzito hivyo. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Madam, hapa ni kwa waya. Hii ikibomoka, mimi nitapita wapi tena?"

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nimeingia, na ndani nimekuta pametiwa lami.

Juzi wamemaliza. Watu wa sokoni wanakuja kuitazama kama bibi harusi. Kesho Ouma anafika, safari hii hakungoja mwisho wa mwezi, na najua atapanda na pikapu mpaka mlangoni akipiga honi.

Basi leo mvua ilipoanza, hiyo ndiyo ilikuwa tegemeo langu la mwisho. Nilingoja ipasuke mahali, ing'oke hata kipande. Maji yaliteremka kwenye mtaro kwa adabu, yakaenda zake.

Kisha nikamwona mama akija.

Msimu wa mvua mama haji kwangu. Aliwahi kuteleza akaumia nyonga, na tangu hapo tope lilimfungia kwake. Ile ndiyo ilikuwa miezi yangu ya kupumua, na katika ujanja wangu wote sikukumbuka. Alikuja polepole katikati ya lami, mwavuli juu, ndala mkononi. Alipofika kizingitini aliinua mguu mmoja, kisha wa pili, anionyeshe nyayo.

"Nyar Kuria, ona! Safi!" Nyar Kuria ndiyo binti wa Kuria, jina aliloniita tangu niolewe. Kiswahili chake ni cha sokoni, na hapa nyumbani anakitumia kwangu tu. "Hii matope ilitaka kukufukuza. Mimi nikasema hapana, mtoto ya watu hawezi fukuzwa na matope. Nikauza ng'ombe." Halafu akaacha kucheka. "Sasa hauendi hiyo nyumba ya shule?"

Kumbe Ouma alimwambia yote.

Tulikuwa wawili tu. Nafasi ndiyo hiyo, na maneno yalikuwa yamenijaa mdomoni: mama, si tope. Nikatazama ile miguu, imepasuka visigino, imelowa, na haina hata doa.

"Mama, ok adhi," nikasema.

Siendi. Nililisema kwa Kijaluo, mimi ambaye hata salamu hunitoka kwa shida, ili lisimpite hata silabi moja.

Alinishika mashavu kwa mikono yote miwili, mikono ya baridi. Akaingia, akakaa, na ameondoka sasa hivi giza linapoingia. Alipokuwa akinishika nilimpenda, nikajichukia.

Sijui kama nilichomwambia ni uongo. Jumatatu mwalimu mkuu ataniuliza, nami nitasikia mdomo wangu unajibu nini.