Mistari Myekundu Chini ya Maneno ya Mama Yako

Limi, mwanangu,

Umeniandikia tena kutoka Mtwara: "Baba, nitumie maneno ya mama." Mwezi uliopita nilikujibu kwamba hapa Ushirombo mtandao unasumbua. Kabla ya hapo nilisingizia umeme. Nilikuwa nakudanganya. Sasa kifua kimenielemea. Kutoka kitandani hadi barazani napumzika mara mbili, na sitaki kuondoka na uongo huu.

Unakumbuka ile likizo yako, mama yako alipokuwa hawezi tena kushika jembe? Asubuhi mliketi barazani, yeye akisimulia, wewe ukiandika kwenye kompyuta yangu: alivyokulia kwao, jirani na Mwadui, alivyowazaa, alivyomzika kaka yako wa kwanza. Alikukataza jambo moja tu. "Andika hivyo hivyo ninavyosema, mayu, mwanangu. Usinitengeneze. Wajukuu wanisikie mimi."

Ulikuja na programu tatu za kuandikia kwenye flashi, maana hapa kwetu bando likiisha kazi inalala. Ukaniwekea zote. "Ni za bure, Baba, na hazitaki mtandao. Ila kwa kazi ya mama tumia hii nyepesi. Inaandika tu, haisemi kitu." Sikukusikiliza. Nilichagua ile yenye kamusi ya Kiswahili ndani yake, na nilipofungulia humo kazi yenu, ukurasa mzima ulijaa mistari myekundu. Lafiki. Habali. Kuludi. Mutoto. Nilifurahi kama niliyerudishiwa darasa langu.

"Hii inajua Kiswahili!" nikasema.

"Inajua cha vitabuni, Baba."

Mama yako akachungulia kioo. "Hiyo damu yote ni ya nini?"

"Makosa yako, Mama Limi."

"Haya, mwalimu, umepata lafiki," akasema, akacheka mpaka akakohoa. Tukacheka wote. Ukasafiri ukiamini yaliishia kwenye kicheko.

Ulipoondoka nilianza na neno moja. Nilijiambia ni aibu wajukuu wa mwalimu kusoma "lafiki". Programu ile inakuonyesha neno sahihi, unabonyeza tu, mstari unatoweka. Ni raha, Limi, lazima nikiri. Niliendelea siku nne. Maneno yake ya Kisukuma, ambayo kamusi haikuyajua kabisa, niliyatoa nikaweka ya Kiswahili. Kisha nikahifadhi juu ya faili lile lile, kwa jina lile lile, na nakala nyingine haikuwepo. Yeye alikuwa chumba cha pili. Akauliza, "Mwalimu, unafanya nini huko kimya kimya?" Nikamjibu, "Nakusoma." Alifurahi. Alikufa akiamini hivyo.

Baada ya maziko nilifungua faili ili nimsikie. Nilimkuta mwanamke nisiyemjua, aliyesoma kunizidi.

Nimejaribu kumrudisha. Niliiagiza programu igeuze kila r iwe l. Ikatoa takataka, maana r alikuwa nayo akitulia, hasa akisali. "Mutu" alisema akiwa na hasira na "mtu" akiwa na raha, au ni kinyume chake? Miaka yote ya ndoa yetu nilikuwa namsahihisha, sikuwa namsikiliza. Na yale ya Kisukuma siyakumbuki. Mimi Msumbwa niliyajua kinywani mwake tu. Niliipeleka kompyuta kwa fundi pale stendi. Akaniambia, "Mzee wangu, ukishahifadhi juu yake, imekwenda hiyo." Nilikaa kwenye benchi lake nusu saa, naye kwa huruma akanipa maji.

Nakutumia flashi pamoja na barua hii. Usitegemee kumkuta. Ila kuna sentensi moja, ukurasa wa tisa, anapoeleza siku ng'ombe wangu walipofika kwao. Alitaka kusema mahari, akasema kwa ulimi wake, nawe ukaandika ulivyosikia. Programu haikuipigia mstari kwa kuwa hata hilo ni neno halali la Kiswahili, nami kwa uchovu nililipita. Limebaki hivi:

"Mahali yangu ilikuja kwa miguu, siku nyingi njiani, vumbi tupu, nami nikaichungulia kutoka jikoni."

Isome kwa sauti. Hiyo ndiyo yake, na sina nyingine ya kukupa. Jana nilipoifikia, kidole changu kilikwenda chenyewe kwenye ile l. Nikaizima kompyuta.

Sikuombi unisamehe upesi. Nimetaka tu ulijue kutoka kwangu, ningali naweza kulisema.

Ni mimi,
Baba yako