Dhiraa ya Baba

Baba yangu,

Shikamoo. Mjukuu wako ameota meno mawili, anatafuna hata ramani zangu.

Baba, nimeduwaa. Wiki tatu kompyuta ya ofisini imekokotoa unene wa kuta za udongo zitakazozuia joto kwenye nyumba zetu mpya. Jibu: sentimita arobaini na nane. Nikampigia Mama apime ukuta wenu wa sebuleni. Arobaini na nane! Dhiraa yako, kiwiko hadi ncha ya kidole, uliyokuwa ukipimia kuta ulizojenga huku ukipiga mluzi.

Mama akaniambia kuwa baada ya mkono wako kupooza, uliwagawia watu zana zako zote za uashi. Mafundi wangu wanaanza Jumatatu, na dhiraa yangu imepungua vidole viwili. Njoo, Baba. Mkono uliopooza haujafupika.

Mwanao, niliyekucheka kwa kupima bila futi.